Nusu ya Mwanga wa Houston

Jumanne moja asubuhi nilikuta nyuzi nne za njia ya Houston zimepungukiwa na mwanga, zote kwa kiasi kilekile. Kilichonishtua ni huo usawa.

Ni lazima nieleze kazi yenyewe, la sivyo hofu yangu itaonekana ya kijinga. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa fundi katika kampuni moja ya Richardson, kaskazini mwa Dallas, iliyotunza kebo za kampuni nyingine kubwa zaidi. Ndani ya kebo hizo mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na ndani ya kioo unapita mwanga ambao jicho haliuoni, ukiwaka na kuzimika upesi kupita akili. Simu za watu, barua zao za kompyuta, karatasi za benki, kila kitu kilipita humo. Mimi sikujua kilichokuwa kinasemwa. Nilijua tu kama mwanga umefika, na umefika ukiwa na nguvu gani.

Hitilafu zilikuwa na tabia zake, na baada ya miaka michache nilizijua kama mama anavyojua vilio vya mtoto. Katapila likichimba vibaya, mwanga unakatika mara moja. Panya akitafuna ganda, unafifia siku hadi siku. Mtu akiikunja kebo kwenye kona, uzi mmoja unaumia sana na wa pili kidogo. Hakuna hitilafu inayoumiza nyuzi nne sawasawa. Na hizi zilikuwa zimepoteza nusu ya mwanga wao, nusu kamili na punje kidogo juu yake, tangu alfajiri ya siku ile.

Msimamizi wangu alikuwa Mteksasi mpole aliyekaribia kustaafu. Nilipomwonyesha namba hizo alivua miwani, akazisoma, akaivaa tena.

"Nendeni mkaangalie," alisema. "Pengine kuna mtu amekaza kitu vibaya."

Nilikwenda na mwenzangu wa kazi, Mkongomani aliyenizidi miaka kumi na kitu. Alikuwa ametokea Uvira akapitia kambi ya wakimbizi, na sasa aliishi Haltom City na mkewe na watoto watano. Kwao aliwahi kuwa fundi umeme. Hapa alivuta kebo, na hakuna aliyezivuta vizuri kuliko yeye. Aliniita dada ingawa angeweza kuniita mdogo wake.

Jengo la Houston lilikuwa katikati ya mji, refu na halina madirisha. Nje joto lilikuwa la kukaba koo, na ndani baridi ya mashine ilitufanya tuvae makoti. Tulipanda hadi ghorofa ambako nyuzi zetu ziliingia, tukaanza kuzifuata kwa tochi kutoka kabati hadi kabati. Kwenye kabati la mwisho tulikuta kisanduku kipya cha chuma, kikubwa kama Biblia ya kanisani. Nyuzi zetu nne ziliingia upande mmoja. Upande wa pili zilitoka nane.

Nne ziliendelea na safari yao ya kawaida. Nne nyingine zilipanda juu, zikafuata reli ya dari, zikaingia kwenye tundu la ukuta lililozibwa vizuri kwa sponji nyekundu ya kuzuia moto. Kando ya tundu kulikuwa na mlango mpya. Haukuwa na kishikio, tundu la ufunguo tu.

"Nini hii?" mwenzangu aliuliza.

Nilijua ni nini. Tulikuwa tunavitumia vitu kama hivyo kwenye chumba chetu cha majaribio. Ni kipande cha kioo kinachougawa mwanga mara mbili. Hakihitaji umeme, hakina taa, hakipati joto. Kila kinachopita kwenye uzi kinapita pande zote mbili, neno kwa neno, na anayeongea upande mmoja hawezi kujua. Kitu pekee kinachoweza kumwambia mtu kwamba kipo ni ile nusu ya mwanga iliyopotea, na mtu wa kuiona hiyo nusu nilikuwa mimi.

Nilitafuta lebo. Katika kazi yetu kila uzi una lebo kila upande, na anayesahau kuibandika anagombezwa mbele ya watu. Nyuzi zile nne hazikuwa na lebo yoyote. Nilizimulika tena kwa tochi, kutoka kisandukuni hadi kwenye tundu la ukuta.

Mlango ulifunguka kabla hatujaondoka. Alitoka mwanamume wa makamo, shati jeupe, kikombe cha kahawa mkononi, akauvuta mlango nyuma yake ukajifunga. Alitusalimu vizuri sana. Aliuliza tunatoka kampuni gani, nikamwambia. Aliuliza tumefuata nini, nikamwambia kuna mwanga umepungua.

"Hakuna tatizo hapa," alisema. "Ni kazi iliyoidhinishwa. Mnaweza kurudi nyumbani."

Kisha alitoa kijitabu mfukoni, akakisogelea kitambulisho cha mwenzangu kilichoning'inia kifuani, akaandika. Akaja kwangu. Aliliangalia jina langu, akalitamka lote, la kwanza na la ukoo, sauti zote mahali pake, kama mtu aliyesoma shule moja na mimi. Kwa miaka yote niliyokaa Texas, daktari, mchungaji, walimu wa wanangu, wote walikuwa wakilivunjavunja jina hilo. Yule alilitamka sawasawa mara ya kwanza, akatabasamu, akatutakia safari njema.

Tulirudi kwa barabara kuu ya arobaini na tano bila redio. Mwenzangu aliendesha. Huntsville tulisimama kujaza mafuta, na aliporudi ndani ya gari hakuwasha injini.

"Dada," alisema, "ile mutu aliandika majina yetu."

"Ni kawaida. Ni mambo ya usalama wa jengo."

"Hapana. Kwetu walikuja na karatasi. Mutu akiandika jina yako na anacheka na wewe, hiyo siku unafunga nguo unatoka. Kaka yangu alisema ni kawaida. Alibakia." Alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limesimama. "Niambie ukweli, wewe ulisoma. Hii kitu inaweza kusikia watu wote? Wote wote?"

Nilimwambia haiwezekani, na wakati nasema hivyo nilikuwa naamini. Baba yangu alikuwa opereta wa simu katika mji mdogo wa Bonde la Ufa, enzi za kuchomeka nyaya kwenye ubao kwa mkono. Alikuwa akituambia kwamba opereta anaweza kumsikiliza yeyote apendaye, lakini Mungu amempa masikio mawili tu. Uzi mmoja tu wa njia ya Houston ulibeba maongezi mengi kuliko ambayo baba angeyasikia hata angeishi mara mia. Nilimweleza mwenzangu kwamba hakuna kanda za kuyahifadhi yote hayo, hakuna ghala, hakuna watu wa kuyasikiliza. Alitikisa kichwa, akawasha gari.

Tulikuwa tumefika karibu na Madisonville nilipoacha kujiamini. Nilikuwa nafikiri kama fundi sasa, si kama mtu anayetaka kutulizwa. Ukichambua mchele husomi kila punje. Unautandaza kwenye ungo, macho yanaruka punje zote na kusimama kwenye jiwe. Mashine haina haja ya kuhifadhi kila kitu. Kila ujumbe unaopita kwenye kioo una anwani mbele yake, kutoka wapi kwenda wapi, kama bahasha. Mashine isome bahasha tu. Iambiwe nchi, namba, neno. Kisichotakiwa kidondoke, kinachotakiwa kibaki. Mashine zenye kasi hiyo nilikuwa nimezishika kwa mikono yangu kule Richardson, zikitumika kwa kazi nyingine. Nilichukua karatasi ya kufutia mikono kwenye droo ya gari, nikapiga hesabu kwa kalamu, nikarudia. Jibu lilikuwa lilelile. Halikuhitaji jengo zima. Lilihitaji chumba kimoja chenye mashine, umeme na baridi ya kutosha.

"Inawezekana," nilisema.

Mwenzangu hakugeuka. "Nilijua," alisema.

Kesho yake nilimweleza msimamizi kila kitu, hata tundu la ukuta. Alinisikiliza huku akitazama meza.

"Kabla ya kazi hii nilikuwa jeshini," alisema. "Kuna vitu unaviona, unaendelea kutembea. Funga tiketi ya hitilafu."

"Niandike nini?"

"Andika kiwango kinakubalika."

Niliandika. Mwanga uliobaki ulitosha, kwa hiyo kwa maana fulani sikusema uongo. Niliweka sahihi yangu chini. Nimetia sahihi karatasi nyingi maishani, za ndoa, za nyumba, za hospitali, lakini hiyo ndiyo ninayoweza kuiona nikifumba macho.

Kuanzia hapo niliishi kwa hofu, nayo ilikuwa hofu ya mchana, ya jikoni na ya foleni ya magari. Watu husema ukisikilizwa kwenye simu utasikia mlio. Wanawake wa kanisani waliambiana hivyo, "Jana simu ilikuwa inalia tik tik," na wakacheka. Mimi nilijua kioo hakilii. Simu iliyo safi kabisa ndiyo iliyonitisha zaidi.

Nilimwambia mume wangu jikoni kwetu Lewisville, watoto wakiwa shuleni. Yeye ni nesi, mtu wa maneno machache na moyo mkubwa. Aliweka kijiko chini kabla sijafika nusu.

"Usimalizie," alisema.

"Nataka ujue tu."

"Sitaki kujua. Tumeomba uraia. Faili letu liko mezani kwa mtu. Mimi sijasikia kitu, na wewe hujasema." Baadaye alinifuata chumbani, akakaa kando yangu. "Umewaambia nani wengine?" Nilipomjibu kwamba ni msimamizi peke yake, aliushika mkono wangu, na wake ulikuwa wa baridi kuliko wangu.

Kila Jumapili kabla ya ibada nilimpigia baba. Kwao ilikuwa jioni, na alikuwa ananisubiri karibu na simu ya mezani, ambayo alikataa kuiacha hata kila mtu mjini aliponunua simu ya mkononi. Baba alipenda kuongea. Aliongea siasa, bei ya mbolea, nani kafa, waziri gani ni mwizi. Sasa nilianza kumkatiza. Akitaja serikali, niliuliza habari za goti lake. Akitaja vita, niliuliza kama mvua imenyesha. Alishangaa, kisha akaanza kukasirika kidogo.

Ndipo fundi saa akakamatwa. Huyu alikuwa rafiki wa baba wa miaka thelathini, Mwislamu mwenye kibanda mkabala na ofisi ya zamani ya simu. Walicheza bao kila siku saa kumi.

"Wamemchukua Jumatano," baba alisema. "Watu wasio na sare. Wanasema ana ndugu Yemen ambaye alimpigia simu. Tangu lini kuwa na ndugu ni kosa? Mama, wewe uko Amerika, unajua watu. Hebu niulizie. Jina lake kamili ni..."

Nilibonyeza kile kidude cha kukata simu.

Nilisimama jikoni na mkonga wa simu mkononi, watoto wamevaa nguo za kanisani wakinisubiri mlangoni. Sikumpigia tena siku ile. Juma zima niliwaza jina lile ambalo hakulimaliza, kama lilifika nusu, kama nusu ilitosha. Nilijiambia namkinga baba. Ukweli ni kwamba nilikuwa namfikiria yule mtu mwenye kikombe, na jinsi jina langu lilivyotoka laini kinywani mwake.

Jumapili iliyofuata nilipiga. "Pole, baba," nilisema, "wiki iliyopita laini ilikatika."

Nilisikia redio yake nyuma.

"Mimi nilikaa kwenye ubao wa simu miaka ishirini na mbili," alisema. "Laini ikikatika inakufa. Ile haikukatika. Uliiweka chini." Kisha akasema, kwa upole ulioniumiza kuliko ukali, "Mvua imenyesha. Goti ni zuri."

Kwa karibu mwaka mmoja tuliongea mvua na goti.

Mambo mengine yalikwenda kama yanavyokwenda. Mwenzangu wa Haltom City aliacha kazi bila kuaga, akaenda kufanya kazi kwenye ghala la vyakula. Nilikutana naye mara moja kwenye harusi ya Wakongomani. Nilimuuliza kwa nini aliondoka, akasema, "Kule hakuna mutu anajua jina yangu. Wananiita kwa namba ya mashine. Niko sawa." Mimi na mume wangu tuliitwa kwenye mahojiano ya uraia. Nilikaa mbele ya ofisa kijana mwenye mafua, nikisubiri aseme neno Houston. Aliniuliza bendera ina milia mingapi. Alinipa sentensi ya kuandika, nikaandika, akasema hongera. Nilitoka nje, nikatapika kwenye maua ya maegesho ya magari. Mume wangu aliwaambia watu ni furaha.

Baadaye magazeti yakaanza kuandika kwamba vyumba vya namna ile vilikuwapo sehemu mbalimbali za nchi. Ofisini watu walibishana. Mmoja alisema haiwezekani, taarifa ni nyingi mno, hakuna anayeweza kuchuja bahari. Nilikuwa na chakula mdomoni, nikakitafuna pole pole mpaka mjadala ukahamia kwenye mpira. Nilidhani siku jambo lile likijulikana nitapumua. Sikupumua. Sasa nilijua sikuwa nimekosea, basi.

Mwaka ule ule, kabla ya Krismasi, nilikwenda nyumbani peke yangu. Siku ya pili nilimwambia baba tukatembee hadi kwenye shamba la mahindi, na huko, mbali na nyumba, nilimsimulia yote. Nilitazamia anilaumu. Badala yake aliuliza maswali ya fundi. Kioo kinagawa sawa kwa sawa? Anayeongea hasikii kupungua kwa sauti? Nani anachagua maneno ya kutafutwa?

Aliokota bua la mahindi, akalimenya kwa kidole.

"Na mimi niliandika," alisema.

Sikuelewa.

"Kulikuwa na mwalimu wa sekondari. Bwana mmoja wa suti alikuja kwenye ubao, akaniambia niandike kila namba ambayo mwalimu anaipigia, na saa. Kusikiliza hakuniomba. Aliomba namba tu. Niliona si kitu, namba haina maneno. Niliandika wiki sita. Wakamchukua yeye, wakachukua na watu wa zile namba." Alilitupa bua. "Mama yako hakujua. Wewe ulikuwa na miaka minne, na mimi nilikuwa na kazi ya serikali."

"Mwalimu alirudi?"

"Alirudi. Hakufundisha tena."

Tulisimama pale. Nilitaka kumwambia alikuwa hana la kufanya, na nikaona kwamba nikisema hivyo nitakuwa najisemea mimi. Nilimuuliza kama alikuwa anaogopa wakati ule. Alisema aliogopa kila siku hadi walipoleta mitambo mipya na kumstaafisha, na hata baada ya hapo, gari geni likisimama barabarani, alihesabu watu wanaoshuka.

Wakati tunarudi nyumbani aliniambia kwamba fundi saa ameachiwa. Alikaa ndani miezi minane bila kufikishwa mahakamani, kisha wakamshusha kituo cha basi cha Nairobi bila viatu. Baba alitaka tukamsalimu. Sikutaka kwenda, na nilikwenda.

Kibanda kilikuwa kilekile, ila mzee mwenyewe alikuwa amepungua hadi kola ya shati ikampwaya shingoni. Alifurahi kutuona. Alinivutia kigoda, akaagiza chai, akaniuliza habari za watoto na kama Texas kuna misikiti. Nilimwambia iko, Richardson iko mikubwa. Hakuzungumza juu ya miezi ile na hatukumuuliza. Mezani kwake palikuwa na saa za watu zimefunguliwa vifua, na simu ya mkononi mpya, bado ndani ya kasha lake.

"Mwanangu wa Mombasa ameniletea," alisema alipoona naitazama. "Anasema nimpigie kila Ijumaa. Sijaiwasha." Aliisukuma upande wangu. "Binti yangu, wewe ni mtu wa mitambo hiyo. Nikipiga simu kumsalimu ndugu yangu wa Yemen, nikasema salamu tu, hali ya afya tu, kuna ubaya?"

Baba aliangalia barabarani. Chai ilikuwa bado moto, nikanywa funda moja ili nipate muda, ikaniunguza ulimi. Nilitaka kumpa jibu la fundi. Nilitaka pia kumpa jibu la binti. Mzee alikuwa ananitazama kwa utulivu, kama anavyotazama saa kabla ya kuigusa.

"Usimpigie," nilisema. "Mwandikie barua, nipe mimi. Nitaituma nikifika Texas."

Alifikiri kidogo. Kisha akafungua droo, akatafuta kalamu, akapata moja iliyoandika, akaanza.